Kuipandisha Pikipiki Juu ya Stendi Kubwa Ukiwa Peke Yako

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu jambo ambalo wengi wenu mtalidhania kuwa dogo, na baadhi yenu huenda mkastaajabu kwamba limepewa nafasi katika redio, nalo ni namna ya mtu mmoja, asiye na msaidizi wala jirani wa kumwita, kuipandisha pikipiki yake juu ya stendi kubwa, ile yenye miguu miwili iliyokunjwa chini ya tumbo la chombo, pasipo kuumia mgongo, pasipo kuiangusha, na pasipo kutoa jasho zaidi ya lile linaloistahiki kazi yenyewe. Nimelichagua kwa sababu katika miji na vijiji vyetu, tokea Unguja na Tanga hata Kigoma na Kisumu, riziki na salama ya watu wengi mno sasa imo juu ya magurudumu mawili: mzazi mwenye uchungu hupelekwa hospitali kwa pikipiki, mtoto hupelekwa chuoni, gunia la mkaa hushushwa mlangoni, samaki wa alfajiri huuwahi mnada, na chombo kinachobeba amana kubwa kiasi hicho aghalabu hakikaguliwi inavyopasa, kwa kuwa mwenyewe huona taabu kukipandisha mahali ambapo kingeweza kukaguliwa.

Pikipiki iliyoegemea stendi ndogo ya pembeni imelala upande, na gurudumu lake la nyuma limekanyaga ardhi kwa uzito wote. Katika hali hiyo huwezi kulizungusha gurudumu ukatazama kama rimu imepinda, huwezi kuzigonga spoki moja moja ukasikiliza ipi imelegea, wala huwezi kulishika tairi juu na chini ukalitikisa ili kujua kama beringi zimekwisha. Cheni nayo hukazika mahali na kulegea mahali, kwa hiyo haitoshi kuipima sehemu moja. Shuruti uzungushe gurudumu taratibu, upime hapa na pale, utafute mahali ilipokaza kuliko pote, na hapo ndipo uangalie kama inacheza kile kiasi cha sentimita mbili hadi tatu, au kadiri ilivyoelezwa katika kitabu cha pikipiki yako. Hata mafuta ya injini, ambayo katika pikipiki zetu hizi ndogo ni lita moja na ushei tu, hupimwa chombo kikiwa kimesimama wima mahali tambarare, na anayepima chombo kikiwa kimeinama upande hupata habari ya uongo: huenda akaongeza mafuta yasiyohitajika, au akaridhika na injini iliyo karibu kukauka.

Kwa hiyo naweza kusema kwa yakini kwamba mtu asiyeweza kuitumia stendi kubwa huendesha pikipiki asiyoijua hali yake. Humngojea fundi, na fundi humwona pale tu jambo lilipokwisha kuharibika.

Sasa tujiulize, kwa nini watu huiepuka stendi kubwa? Nimetazama vijiweni na katika nyua za majumba, na nimeona kwamba wapo wanaouhofu uzito, na wapo wanaoitegemea nguvu, na wote wawili wameghilibika kwa jambo moja. Mwenye hofu huitazama pikipiki yake, Boxer au TVS ya kazi, yenye uzito wa baina ya kilo 110 na 130, akajilinganisha nayo, naye mwenyewe ana kilo 60, akasema nafsini mwake kwamba kazi hii ni ya mabaunsa. Mwenye nguvu naye huinama, akaishika keria kwa mikono miwili, akakunja kiuno, akavuta juu kwa ghadhabu. Mara ya kwanza hufaulu, mara ya pili hufaulu, na siku moja pingili za mgongo zikamjibu kwa maumivu yasiyomtoka tena. Kosa lao ni kudhani kwamba pikipiki huinuliwa na mikono. Stendi ndiyo inayoinua, na kazi ya mtu ni kuikanyaga kwa uzito wa mwili wake huku akikilinda chombo kisipoteze mizani. Anayelielewa hilo, hata akiwa mwembamba, hata akiwa mwanamke aliyeanza kuendesha jana, ataweza. Na asiyelielewa atapambana na chuma maisha yake yote, na chuma hakichoki.

Elimu hii si ngeni duniani. Heron wa Iskandaria, mwanachuoni aliyeishi katika karne ya kwanza Miladi, alitunga kitabu juu ya kuinua vitu vizito, na asili yake ya Kiyunani ilipotea, isipokuwa vipande. Kilichotufikia kizima ni tafsiri ya Kiarabu iliyofanywa katika karne ya tisa na Qusta ibn Luqa, mzaliwa wa Baalbek katika nchi ya Shamu. Lau asingeketi huyo bwana kufasiri, ulimwengu ungelikosa kitabu hicho. Humo mna maelezo ya ala tano ambazo kwazo mtu mwenye nguvu haba huweza kukitikisa kitu kizito: winchi, wenzo, kapi, kabari na parafujo. Mabaharia wetu wa jahazi wamezitumia baadhi yazo, na wajenzi wetu wa mawe vilevile. Stendi kubwa ya pikipiki ni wenzo, mojawapo ya ala hizo, na ni wenzo uliotengenezwa kwa ustadi sana, hata mtu akautumia miaka kumi asijue kwamba ana ala ya hikima chini ya mguu wake.

Tazameni umbo lake. Miguu miwili ya stendi imefungwa kwenye fremu kwa pini, nayo huzunguka kuizunguka pini hiyo. Upande wa kushoto pamechomoza kipande cha chuma, ambacho leo nitakiita kikanyagio, kilicho kirefu kuliko ule umbali mdogo ambao pikipiki inahitaji kupanda. Ukikikanyaga, nyayo za stendi huikamata ardhi na kuwa egemeo, na chombo chote huanza kubiringika juu ya egemeo hilo, kikirudi nyuma huku kikipanda. Hakipandi wima, hurudi nyuma kwanza, hupanda kidogo, hufika kileleni, kisha hutua. Tena gurudumu la mbele halitoki ardhini wakati wa kupanda, nalo hubaki limeubeba uzito wake, na kinachoinuliwa ni sehemu ya nyuma tu, kwa kimo cha sentimita chache. Kwa hiyo zile kilo mia na ushei zilizomtia hofu yule bwana wa kilo 60 haziko mikononi mwake hata kidogo. Pikipiki ya wasafiri wa masafa marefu iitwayo BMW R 1250 GS, yenye uzito wa kilo 249 ikiwa tayari kwa safari, hupandishwa kwa njia hiihii na mtu mmoja, na anayeijua njia hapandishi pumzi.

Natuje katika utendaji wenyewe, na hapa nawaomba wasikilizaji mnisikilize kwa utulivu, kwani kila jambo nitakalolitaja lina sababu yake.

Anza na ardhi. Tafuta mahali tambarare na pagumu, saruji au udongo ulioshindiliwa, maana mchanga wa pwani yetu na tope la masika huzimeza nyayo za stendi, na stendi iliyozama upande mmoja huiangusha pikipiki upande huohuo. Ikiwa huna budi kutumia mahali palaini, lazia ubao mpana ambao nyayo zote mbili zitaukanyaga. Na ikiwa pana mwinamo usioepukika, kichwa cha pikipiki kitazame juu mlimani, kwa sababu chombo hutoka juu ya stendi kwa kwenda mbele, na kilichoelekea bondeni husubiri kisingizio kidogo tu kikateremka.

Kisha punguza mzigo. Madumu ya maji, kreti la soda, mfuko wa mchele uliofungwa keria, vyote vishushwe, kwani mzigo wa nyuma umekaa palepale panapotakiwa kuinuliwa, na mzigo wa juu huifanya pikipiki iwe nyepesi kupinduka. Zima injini, toa ufunguo, weka gia huru, usukani uelekee mbele bila ya kufungwa. Gia huru ni sharti, nami nimewaona vijana wenye misuli wakihangaika kwa dakika nzima na pikipiki iliyo ndani ya gia ya kwanza, wakiilaumu stendi, hali gurudumu la nyuma limefungwa na injini na haliwezi kurudi nyuma hata shubiri. Vaa kiatu chenye soli ngumu. Kandambili huteleza juu ya kikanyagio, na kikanyagio kilichoteleza hukwangua mundi mpaka mfupani.

Simama upande wa kushoto. Kikanyagio kiko huko, na bomba la moshi kwa kawaida liko kulia, nalo hubaki moto kwa muda mrefu baada ya safari. Makovu yaliyomo katika mashavu ya miguu ya abiria wetu yanatosha kuwa ushahidi. Stendi ndogo ya pembeni iache ikiwa imefunguliwa wakati wote, maana ikiwa mizani itakuponyoka na chombo kikaja upande wako, hiyo ndiyo itakayokipokea. Mkono wa kushoto ushike mpini wa kushoto wa usukani, mkono wa kulia ushike kishikio cha abiria au chuma cha keria kilicho karibu na kiti. Isimamishe pikipiki wima. Hapo, wasikilizaji wangu, pumzika kidogo, uisikie mikononi. Pikipiki iliyo wima hasa haina uzito, na ukihisi inakuelemea au inakukimbia, bado haijawa wima.

Weka mguu wa kulia juu ya kikanyagio, kati ya wayo na kisigino, uiteremshe stendi mpaka iguse ardhi. Sasa linafuata jambo ambalo wengi hawalifanyi, na kwa kutolifanya pikipiki nyingi huanguka: itikise pikipiki polepole, kushoto na kulia, kwa kiasi kidogo sana, mpaka uhisi kwamba nyayo mbili za stendi zote zimegusa. Unyayo mmoja ukigusa kabla ya mwenziwe, nguvu yako yote itakwenda upande mmoja, chombo kitapinda badala ya kupanda, na hapo ndipo watu huanza kuvuta kwa mikono. Nyayo zote mbili zikiwa chini, utasikia mgongano mdogo wa chuma na saruji kila upande, na chombo hutulia chenyewe mkononi mwako.

Baada ya hapo kazi imebaki kidogo. Simama juu ya kikanyagio kama mtu anayekwea daraja la kwanza la ngazi: nyoosha goti la kulia, uzito wote wa mwili uhamie katika mguu huo, mguu wa kushoto uwe mwepesi hata karibu kuondoka ardhini. Mgongo uwe umenyooka, macho yatazame mbele. Mkono wa kulia hauinui. Unaonyesha njia tu, nyuma na juu, huku mguu ukisukuma chini. Fanya kwa mwendo mmoja ulio sawa, usio wa kushtua, na pikipiki itarudi, itapanda, itatua. Ikikataa, usiongeze nguvu. Simama, irejeshe kwenye stendi ndogo, utafute sababu: gia haikuwa huru, au nyayo hazikugusa zote, au mzigo umebaki nyuma, au chombo hakikuwa wima. Sababu haikosekani, na mwenye subira huiona. Na ikishapanda, usiuachilie usukani kabla ya kuitikisa kidogo ukajua kwamba imekaa.

Nimemwona mzee mmoja mwembamba sana, mwalimu mstaafu, akiipandisha pikipiki yake mbele ya duka huku akiendelea na maongezi, wala sauti yake haikubadilika. Vijana waliokuwapo walimdhania kuwa na nguvu za siri. Hakuwa na siri yoyote ila kwamba alijua pa kuuweka mguu.

Kuna siku, hata hivyo, ambapo utaratibu huu wote unaufuata barabara na chombo kisipande, na siku hiyo mara nyingi ni siku ya pancha. Tairi la nyuma likiisha upepo, pikipiki nzima hushuka, pini ya stendi huikaribia ardhi, na stendi huikuta ardhi mapema ikiwa bado imelala. Kwa hiyo kimo cha kupanda huongezeka, na kikanyagio huwa kigumu maradufu, hasa pale unapokihitaji kuliko siku zote. Dawa yake ni ubao. Tafuta kipande cha ubao chenye unene wa sentimita mbili au tatu, ukilaze nyuma ya tairi la nyuma, uirudishe pikipiki mpaka tairi likalie juu yake, kisha ukanyage stendi kama kawaida, nyayo zake zikiwa ardhini, nje ya ubao. Kwa kitendo hicho umekwisha kukipata kimo ulichokuwa umekikosa. Chombo kikishapanda, chomoa ubao, na gurudumu litaning'inia huru. Nauhimiza sana ubao huu hata kwa tairi zima, kwa kila mtu mwenye mwili mdogo na kwa kila mwenye maradhi ya mgongo, wala asione haya. Ubao huu ni kama kabari, na kabari ni ndugu wa wenzo katika kile kitabu nilichokitaja.

Ndugu zetu wa Unguja wenye vespa wataniuliza kama maneno haya yanawahusu. Yanawahusu, tena wao wamezaliwa nayo, kwani vespa, iliyotoka kwa mara ya kwanza katika kiwanda cha Piaggio nchini Italia mwaka 1946, kwa kawaida ni chombo cha stendi kubwa ya katikati. Lakini vespa ya zamani ina tabia yake ambayo mgeni hana budi kuijua: injini yake haiko katikati kama ya pikipiki, imekaa upande wa kulia wa gurudumu la nyuma, kwa hivyo ukiwa umesimama kushoto chombo hutaka kukukimbia. Kiegemeze kwako kidogo, mkono wa kulia ukae imara chini ya kiti, na usidanganywe na wepesi wake.

Na ikianza kuanguka? Hapa nasema kwa mkazo: iachilie, uondoke. Kioo hununuliwa, klachi iliyovunjika hununuliwa, na taa hununuliwa. Pikipiki iliyokwisha kuinama kupita kiasi huwa na uzito wake kamili, na mtu anayejaribu kuidaka angani huuweka mgongo wake, au kifundo cha mguu wake, mahali pa kioo. Ikishalala, zima ufunguo ikiwa ulikuwa umewashwa, funga koki ya petroli, tia gia ili gurudumu la nyuma lisiteleze, na ikiwa imeangukia upande wa kulia, fungua stendi ndogo kabla ya kuinua, isije ikapita wima ikaanguka upande wa pili. Kisha ipe pikipiki kisogo. Usukani uelekee ardhini, mkono mmoja ushike mpini wa chini, wa pili ushike chuma cha fremu chini ya kiti, matako yaegemee ubavu wa kiti, magoti yakunjwe, na utembee nyuma kwa hatua fupifupi, miguu ikifanya kazi na mgongo ukiwa umenyooka. Namna hiyo mtu wa kawaida huinua chombo ambacho kwa kukivuta kutoka mbele asingeweza kukisogeza.

Ziko pikipiki zisizokuwa na stendi kubwa kabisa, na hizo ni mtihani mwingine. Zile za mashamba na njia mbovu, mfano wa Yamaha AG 100 ambayo mabwana shamba na wahudumu wa afya vijijini wameifahamu sana, zina stendi mbili za pembeni, moja kushoto na moja kulia, na hilo ni jambo jema kwa kuegesha katika mwinamo, lakini gurudumu halinyanyuki. Mafundi wetu huweka jiwe, au kreti, au gogo chini ya injini, na wengine huitia jeki ya gari. Silikatai gogo, maana wanaotumia gogo hawana kingine, lakini naomba mambo mawili yazingatiwe: uzito ukalie chuma cha fremu au bamba la chini lililotengenezwa kwa ajili hiyo, wala usikalie bomba la moshi au kizibo cha mafuta, ambavyo hupasuka, na jiwe la duara lisitumike kamwe. Aliye na uwezo na anunue au achongeshe kwa mchomeleaji stendi ya nyuma, ile yenye magurudumu mawili na mpini mrefu, inayouinua mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma. Kuitumia peke yako kunawezekana: pikipiki ikiwa juu ya stendi ndogo, simama nyuma yake upande wa kushoto, mkono wa kushoto uisimamishe wima kwa kukishika kishikio cha abiria, mkono wa kulia uingize ndoano za stendi chini ya mkono ule wa chuma, uhakikishe zimegusa pande zote mbili, ndipo uushindilie mpini chini. Ila kazi hii ina dakika moja ya hatari, ile ambayo pikipiki haijakaa juu ya stendi yoyote na inakutegemea wewe tu. Kwa hiyo ikiwa chombo ni kizito na hujaizoea kazi hii, mwite mtu. Kuita mtu ni sehemu ya ufundi.

Chombo sasa kiko juu. Chukua kipande cha mpira wa tyubu, kama kile mnachofungia mizigo, uufunge mkono wa breki ya mbele kwenye mpini wake, ili gurudumu la mbele lisiweze kuviringika na kukiteremsha chombo ukiwa umeinama chini yake. Usimruhusu mtoto kupanda. Usikae juu yake mwenyewe huku mwenzio akifungua nati kwa spana ndefu.

Na sasa nafika katika jambo ambalo limenifanya niyaombe mazungumzo haya. Mtu akishaona gurudumu la nyuma linaning'inia, humjia shauku ya kuwasha injini, kutia gia, na kuiacha cheni izunguke yenyewe huku akiipaka mafuta au kuifuta kwa tambara. Inaonekana ni akili, kwani mikono haichoki. Nakusihini msifanye hivyo. Tambara hushikwa na meno ya sproketi kwa kasi ambayo jicho haliioni, na kidole kilichoshika tambara huenda pamoja nalo, baina ya cheni na jino, na injini haina habari kwamba imekutana na nyama. Nimekwisha kupeana mikono na mafundi wasio na vidole kamili, na sina haja ya kuuliza vilikokwenda. Injini izimwe, ufunguo uwe mfukoni, gurudumu lizungushwe kwa mkono kwa kulishika tairi lenyewe, mbali na cheni, kisha lisimame, ndipo ufute kipande kilicho mbele yako. Kisha uzungushe tena. Kazi ya namna hiyo haimalizi robo saa, na vidole vyote kumi hurudi nyumbani.

Kuteremsha ni kwepesi kuliko kupandisha, na kwa wepesi wake huwaponza watu. Fungua mpira wa breki. Hakikisha stendi ndogo imefunguliwa barabara. Simama kushoto, shika kama ulivyoshika mwanzo, mguu wako uwe mbali na kikanyagio, kwani stendi hujikunja kwa nguvu za springi. Sukuma mbele kwa utaratibu, na mara gurudumu la nyuma linapogusa ardhi, kizuie chombo kisiendelee. Mwenye mkono mrefu huufikia mkono wa breki ya mbele, na asiyeufikia huuvuta usukani nyuma. Kiegemeze kwenye stendi ndogo, tia gia, na umekwisha.

Stendi yenyewe nayo inadai haki yake. Pini isipotiwa grisi hukamatwa na kutu, na stendi huwa ngumu kushuka na ngumu kurudi. Springi ikilegea, miguu ya stendi huning'inia safarini, na siku itakapokutana na tuta katika kona ya kushoto itaiinua pikipiki yote pamoja na walio juu yake. Waendeshaji wanaobadilisha shokapu za nyuma wakaweka ndefu zaidi, au tairi kubwa kuliko lile la asili, wajue kwamba stendi yao sasa ni fupi na haitalinyanyua gurudumu tena, hata wakikanyaga vipi. Nyayo zilizolika zijazwe na mchomeleaji, zote mbili kwa kimo kimoja.

Ninalo ombi kwa wauza pikipiki. Kila siku mnamkabidhi mtu chombo kipya, mnampa ufunguo, risiti na kitabu kilichoandikwa kwa lugha asiyoisoma, na mnamwacha aondoke. Mpeni dakika kumi zaidi. Mtoeni uani, mwonyesheni kikanyagio kilipo, aipandishe na kuiteremsha pikipiki yake mbele yenu mpaka aweze, na asiyeweza mwonyesheni ubao. Na enyi viongozi wa vijiwe, kijana mpya akija kujiandikisha kwenu, msimtazame kwanza anavyokata kona. Mwambieni aipandishe stendi kubwa, kisha awaonyeshe cheni yake.